Kalavati la "miaka 25" limefurika mara tatu: nani amekosea?

Swali: Mimi ni mwalimu mstaafu, nipo Rungwe. Marehemu baba alikuwa karani wa shamba la chai na alipima mvua kila asubuhi tangu 1974. Kurasa za mwanzo ziko kwa inchi. Alipostaafu 1996 alirudi nyumbani na kipimamvua, na mimi nimeendeleza daftari lake hadi leo, pale pale chini ya mparachichi alipokisimika. Mwaka 2010 tulijengewa kalavati kwenye kijito kinachokata barabara yetu. Mhandisi alituambia mvua ya kulishinda huja mara moja katika miaka 25. Limefurika 2014, 2020 na 2024. Je, alitudanganya, au ndiyo haya mabadiliko ya tabianchi? Na daftari la baba linaweza kutupa jibu?

Jibu:

Shikamoo Mwalimu. Mhandisi sidhani kama alidanganya. Alikupeni namba, akaacha kuwaambia namba hiyo ina upana gani wa shaka, na upana huo ndio ulioingia barabarani kwenu mara tatu. Tabianchi imo pia, ila si kwa kiasi ambacho watu wengi wanadhani. Na daftari ni mali, lakini halitakupa jibu unalolitaka. Nitaeleza kwa nini, maana kuna hesabu kidogo na wewe hutaziogopa.

"Mara moja katika miaka 25" si ratiba. Maana yake ni kwamba kila msimu una nafasi 1 kati ya 25, yaani asilimia 4, ya kuleta mvua ya kulishinda kalavati. Chukua kibuyu, tia maharage 25, moja liwe jekundu na mengine meupe. Kila Novemba ingiza mkono bila kuchungulia, toa moja, liangalie, kisha lirudishe. Hapo kwenye kulirudisha ndipo watu wanapopotea. Wanadhani likishatoka jekundu limekwisha, tumetulia miaka 24. Hapana, bado limo, na mwakani nafasi ni ile ile.

Tangu msimu wa 2010/11 hadi 2023/24 mmeingiza mkono mara 14. Kama asilimia 4 ni sahihi, nafasi ya kufurika walau mara moja ndani ya misimu hiyo ni asilimia 44 hivi, karibu nusu kwa nusu. Mara mbili au zaidi ni asilimia 11. Kwa hiyo ungeniuliza mwaka 2020 ningejibu kwa mstari mmoja: poleni, ni bahati mbaya. Lakini mara tatu au zaidi ni asilimia 1.7, kama nafasi moja kati ya 60. Hapo hata mimi nakuna kichwa.

Nakuna kichwa, ila kwa tahadhari. Makalavati ya "miaka 25" kwenye nyanda zetu hizi, kuanzia Ileje hadi Makete, Njombe hadi Mufindi, ni mengi mno. Katika kila 60, moja litafurika mara tatu kwa bahati tupu, na wenye kalavati hilo moja ndio watakaoniletea swali. Wale wa yale 59 wako zao shambani wanachuma chai, hawana habari na mimi. Kila ninaposikia kisa cha ajabu huwa najiuliza ni visa vingapi vya kawaida ambavyo hakuna aliyehangaika kunisimulia.

Tuendelee hata hivyo, kwa sababu namba yenyewe ya mhandisi inastahili kufunuliwa. Inapatikanaje? Unachukua kituo chenye kumbukumbu ndefu, na kwa kila mwaka unatoa siku moja tu, ile iliyonyesha kuliko zote. Tuiite kilele cha mwaka. Miaka 30 inakupa vilele 30. Siku nyingine zote, pamoja na manyunyu yote ya Tukuyu ambayo yangejaza kitabu, unaziweka kando. Halafu unatafuta mchoro wa kihesabu unaovikaa vilele vile vizuri, na unaurefusha kwenda mbele kuuliza: mvua ambayo ina nafasi ya asilimia 4 kwa mwaka ni milimita ngapi? Na ya asilimia 1?

Hatuchori tunavyotaka. Mwaka 1928 Waingereza wawili, Fisher na Tippett, walionyesha kwamba vilele vya vitu vingi, ukivichukua kwa wingi, huishia kwenye moja ya maumbo matatu. Tippett alikuwa mtu wa utafiti wa viwanda vya pamba, na uzi hukatika pale ulipo dhaifu kuliko pote, kwa hiyo suala la kile cha mwisho kabisa, cha chini au cha juu, lilikuwa kazi yake ya kila siku. Aliyeyaleta mambo haya kwenye mito na mafuriko ni Mjerumani Emil Gumbel. Huyu bwana nampenda kwa sababu nyingine pia. Miaka ya 1920 alikusanya hesabu ya mauaji ya kisiasa nchini kwao na kuonyesha jinsi mahakama zilivyowapendelea wauaji wa upande mmoja. Mwaka 1932 akapoteza nafasi yake chuo kikuu cha Heidelberg. Mchoro wenye jina lake ndio uliofundishwa kwa wahandisi wengi wa makalavati.

Sasa mfano. Namba hizi si za Rungwe, nimezitunga ili hesabu ionekane. Kituo kina vilele vya miaka 30, wastani wake milimita 70, mkengeuko sanifu (yaani jinsi vilele vinavyotawanyika kuuzunguka wastani) milimita 20. Mchoro wa Gumbel unasema mvua ya siku ya miaka 25 ni milimita 111, na ya miaka 100 ni milimita 133. Mhandisi anaandika 111, anasaini, anaendelea na kazi.

Lakini vilele 30 ni vichache sana kwa kubashiri jambo la nadra. Kama tungeweza kuirudia miaka ile 30 upya, kwa tabianchi ile ile, tungepata vilele tofauti na jibu tofauti. Ukikokotoa upana wa shaka hiyo, mvua ya miaka 25 inaangukia popote kati ya milimita 91 na 131. Ya miaka 100 ni kati ya 105 na 161. Tazama vizuri, Mwalimu: mpaka wa chini wa ile ya miaka 100 uko chini ya kadirio la ile ya miaka 25. Hivyo ndivyo tunavyojua kidogo. Na mchoro wa Gumbel ni mpole. Uchambuzi mkubwa wa 2013, uliopitia vituo zaidi ya 15,000 duniani, ulionyesha kuwa mvua kubwa za siku kwa kawaida zina mkia mzito kuliko wa Gumbel, yaani zile za kutisha kweli huja mara nyingi kuliko mchoro wake unavyosema.

Sasa tuite tabianchi. Fizikia yake haina mjadala mkubwa: hewa ikipata joto kwa nyuzi 1 ya Selsiasi inaweza kubeba mvuke zaidi kwa asilimia 7 hivi, na mawingu yanayomwaga kwa nguvu humwaga kulingana na mvuke uliopo. Tangu miaka ya 1970, baba yako alipoanza kuandika, dunia imeongeza joto karibu nyuzi 1. Jopo la kimataifa la tabianchi, IPCC, katika ripoti yake ya 2021 lilikadiria kwamba kwa nchi kavu ya dunia nzima, mvua ya siku iliyokuwa ikija mara moja katika miaka 10 kabla ya binadamu kuipasha hewa joto, huja mara 1.3 ndani ya miaka hiyo 10 dunia ikiwa imepanda nyuzi 1, mara 1.5 kwa nyuzi 1.5, na mara 1.7 kwa nyuzi 2.

Asilimia 7 ukiisikia unaona si kitu. Milimita 111 zinakuwa 119, na kwenye kipimamvua ni kama kidole kimeteleza. Lakini rudi kwenye mfano wetu ukiwa na kila kilele kimekua kwa asilimia 7, uulize tena: ile milimita 111 ya zamani sasa huja kila baada ya miaka mingapi? Jibu ni 16, si 25 tena. Na kilele kikikua kwa asilimia 10, ile ya miaka 100 inakuwa ya miaka 46. Huku mbali kwenye mkia, milimita chache hutenganisha miaka mingi, ndiyo maana mabadiliko madogo ya kiasi huzaa mabadiliko makubwa ya mara ngapi.

Je, hilo linatosha kueleza kalavati lenu? Kwa nafasi ya 1 kati ya 16, kufurika mara tatu au zaidi ndani ya misimu 14 kuna uwezekano wa asilimia 5, kama moja kati ya 19. Tumetoka moja kati ya 60 tukafika moja kati ya 19. Tabianchi imechangia, lakini bado kisa ni cha nadra. Sasa chukulia kwamba mhandisi alikuwa na bahati mbaya ya kawaida kabisa na kadirio lake lilikuwa chini kwa milimita 10, kosa ambalo kwa vilele 30 ni la kila siku. Kosa hilo pekee, bila tabianchi, linaigeuza mvua ya miaka 25 kuwa ya miaka 14. Unaona? Kosa la kawaida la vipimo vichache ni kubwa kuliko joto la miaka 50. Yaweke yote mawili pamoja na mvua yake inakuwa ya kila miaka 9, na kufurika mara tatu ndani ya misimu 14 kunakuwa na nafasi moja kati ya tano hivi. Kisa chenu hakishangazi tena, na hatujamtuhumu mtu uongo.

Watu watakuambia El Niño. Msimu wa 2023/24 kweli ulikuwa wa El Niño, na mwishoni mwa 2019 Bahari ya Hindi upande wetu ilikuwa na joto lisilo la kawaida. Ila El Niño huongeza mvua zaidi kwa wenzetu wa kaskazini na pwani, na huwakausha walio kusini mwa Afrika. Sisi tuko kwenye bawaba ya mlango, safari nyingine huku, safari nyingine kule. Ninachokuomba ni usihesabu misimu hiyo kama kura zisizojuana, maana misimu mibaya ina tabia ya kutembea kwa makundi.

Kuna mshukiwa ambaye hukumtaja, na mimi ningemkamata kwanza: kijito chenyewe. Kalavati halifurikishwi na mvua ya siku, linafurikishwa na maji yanayofika kwa pamoja. Kijito kifupi cha mlimani hujaa kwa mvua ya nusu saa iliyokazana, hata kama siku nzima imetoa milimita 40 tu. Tuseme bonde lake lina hekta 50, na mvua ya milimita 30 imepiga kwa nusu saa. Hizo ni mita za ujazo 15,000. Udongo wa Rungwe ni wa volkano, unafyonza sana, kwa hiyo zamani labda sehemu moja ya tano ndiyo iliyotiririka, mita za ujazo 3,000. Jenga nyumba za bati, kanyaga njia za bodaboda hadi zikawa mifereji, lima mpaka ukingoni, na sehemu mbili za tano zinatiririka: 6,000. Mvua ile ile, maji maradufu. Asilimia 7 ya tabianchi inaonekana mtoto mbele ya hilo. Ongeza na mashina ya migomba yanayoziba mdomo wa kalavati. Je, mara hizo tatu kuna aliyeangalia kama lilikuwa limeziba? Kama lilikuwa limeziba, hesabu zangu zote za juu zinamhusu mwenye koleo kuliko mwenye kikokotoo.

Sasa daftari. Hapa nitakaa kidogo.

Inchi zigeuze kwa kuzidisha na 25.4, na tafuta tarehe hasa ya kubadilisha kipimo. Wakati mwingine karani alibadilisha glasi ya kupimia wiki moja na kubadilisha kichwa cha ukurasa mwezi mmoja baadaye. Mahali palipoachwa wazi usiandike sifuri. Sifuri ni habari, pengo ni ukimya. Mwaka wenye mapengo mengi Machi na Aprili, miezi ya mvua nzito kwenu, uache kabisa, kwa sababu huenda kilele chake ndicho kilichopotea. Na mwaka wako usianze Januari, kwani utakata msimu katikati. Anza Septemba, mwezi ambao hata Tukuyu huanika nguo zikakauka.

Kipimo cha siku husomwa saa tatu asubuhi. Dhoruba iliyoanza saa mbili ikaisha saa nne imegawanywa siku mbili, na kilele chako kimepungua bila kosa la mtu. Kwa wastani, vilele vilivyosomwa mara moja kwa siku huzidishwa kwa 1.13 ili vilingane na saa 24 zozote zilizonyesha zaidi. Fanya hivyo mwishoni, kwa jibu, usichafue daftari.

Halafu kuna 1996. Kabla ya hapo kipimamvua kilikuwa shambani, baada ya hapo kiko kwenu. Hivyo ni vituo viwili, Mwalimu, si kimoja. Milima yetu haisamehi kwa hilo: Mbeya mjini hupata milimita 900 hivi kwa mwaka, na Tukuyu, mwendo wa saa moja na nusu kwa gari, inapita 2,000. Hata kilomita tatu upande wa pili wa kilima hubadilisha mambo. Na huo mparachichi! Kipimamvua kinatakiwa kiwe mbali na mti kwa angalau mara mbili ya urefu wake. Mti wa mita 8, mita 16. Mwaka 1996 labda ulikuwa mche, leo ni mwavuli. Daftari likikuonyesha kwamba mvua kubwa zimepungua tangu 2005, shuku tawi kabla ya kushuku anga. Kisogeze, lakini kwa msimu mmoja au miwili pima pande zote mbili, ili tupate uwiano wa kuziunga namba za zamani na mpya.

Unaweza kudhani miaka 50 inatosha kuona mabadiliko ya tabianchi kwa macho. Nami niliamini hivyo nikiwa kijana. Gawa vilele vyako katika nusu mbili za miaka 25. Kwa mfano wetu, ongezeko la joto linatarajiwa kutofautisha wastani wa nusu hizo kwa milimita 2 hadi 3. Bahati peke yake huitikisa tofauti hiyo kwa milimita 5 au 6. Sauti ya tabianchi imo, lakini inanong'ona kwenye soko la Mwanjelwa. Kituo kimoja hakiwezi kuisikia, na yeyote anayekuletea mstari unaopanda kutoka kituo kimoja akasema "hii hapa tabianchi" amekuonyesha bahati, awe upande wangu au wa wanaoikana.

Thamani ya daftari iko kwenye kuungana na mengine. Ukigawa kila kilele kwa wastani wa vilele vya kituo chake, milimita zinageuka uwiano, na hapo Tukuyu, Kyela, Mbeya na mashamba ya chai vinaweza kukaa meza moja bila kunyang'anyana urefu. Vituo 15 vya miaka 30 si sawa na miaka 450, maana dhoruba moja huvipiga kadhaa kwa pamoja, ila umbo la mkia linaonekana vizuri zaidi. Programu ya takwimu ya kompyuta iitwayo R hufanya hesabu hizi na ni ya bure. Kwa mabadiliko yajayo, mimi huazima asilimia 7 kwa kila nyuzi kutoka fizikia, siing'ang'anizi kutoka kwenye data.

Na jambo hili utalipenda: mwaka 1974 maabara ya utafiti wa barabara ya Uingereza ilichapisha njia ya kukadiria mvua za dhoruba Afrika Mashariki, na kazi ile ilizaa hesabu nyingi za makalavati yetu. Data zake zote ni za kabla ya ukurasa wa kwanza wa baba yako.

Mkiitwa kwenye kikao cha barabara, msibishane juu ya asilimia 7 au 10. Mabomba ya zege huja kwa saizi. La sentimita 90 hupitisha maji karibu mara tatu ya la 60 kwa mteremko ule ule, kwa hiyo hatua moja ya saizi inameza shaka ya vipimo na tabianchi kwa pamoja. Kama fedha haitoshi, ombeni drifti ya zege, yaani kivuko cha chini, ambayo maji yakiipita juu kwa saa mbili inabaki mahali pake. Muulizeni mhandisi swali moja: yakija maji ya mara moja na nusu ya uliyokokotoa, nini kinabomoka kwanza?

Kabla hujaniletea nakala za kurasa, nifanyie kazi moja ya jioni. Orodhesha vilele vyote vya 1974 hadi 1996, na mbele ya kila kimoja andika ilikuwa siku gani ya wiki. Kama Jumatatu zimejazana, basi Jumapili baba alikuwa kanisani, na vilele vile ni vya siku mbili.